Kwa nini mfumo wa zamani wa hospitali huendelea kula pesa hata baada ya kustaafishwa?

Hospitali imenunua mfumo mpya wa rekodi za wagonjwa. Kwenye ule wa zamani hakuna anayeandika tena; hufunguliwa mara mojamoja, daktari akitaka jibu la kipimo cha miaka sita nyuma. Mbona basi kila mwaka unadai fungu lake la bajeti?

Jibu la haraka, ambalo hata sisi tuliwahi kulishikilia, ni kwamba data ni nyingi na diski ni ghali. Basi zibane, futa zisizotakiwa, nyingine zihamishie kwenye hifadhi ya bei nafuu, na gharama itashuka. Hesabu inakataa. Jibu moja la maabara, pamoja na tarehe na namba ya mgonjwa, tuliwekee baiti 300. Majibu milioni 10 ni GB 3, yanaenea kwenye flashi ya kuning'iniza kwenye funguo. Picha ndizo nzito kweli: kipande kimoja cha CT scan kina nukta 512 kwa 512, kila nukta baiti 2, yaani nusu MB, na uchunguzi wa vipande 500 unafika MB 262. Kwa picha, basi, ile hoja ya diski ina ukweli wake. Ila picha kwa kawaida hukaa kwenye mfumo wake, katika DICOM, muundo wa pamoja wa picha za tiba unaosomwa na programu nyingi, na kuzihamisha hakuhitaji kumlipa mtu azifumbue.

Pesa zinakwenda kwingine: leseni ya programu, leseni ya kanzidata (database), mkataba wa matengenezo, seva ambayo mfumo wake endeshi haupati tena marekebisho ya usalama na hivyo hutengewa mtandao wa peke yake, na fundi mmoja au wawili wanaoujua. Kuigeuza seva hiyo iwe seva pepe, yaani programu inayojifanya kompyuta ndani ya mashine nyingine, huokoa umeme na vyuma. Leseni na hatari za usalama hubaki palepale. Ukitazama vizuri, vyote hivyo vinalipiwa kazi moja tu, nayo ni ukalimani.

Fikiria daftari la fundi cherehani: 38, 27, 41. Fundi anajua ipi ni kifua na ipi ni kiuno, na kwamba tangu ukurasa wa kumi alianza kupima kwa sentimita badala ya inchi. Akiondoka, namba zote zipo, ila nguo haishoneki. Kanzidata ya hospitali ni daftari la namna hiyo. Mstari mmoja unaweza kusomeka 4412, 5.6, 1. Kwamba 4412 ni sukari ya damu, hilo limeandikwa kwenye jedwali jingine, tuliite kamusi. Kizio cha kipimo nacho kiko huko. Sukari ya 5.6 kwa milimoli kwa lita ni kama miligramu 100 kwa desilita, hali ya mtu anayerudi nyumbani kwa miguu yake; 5.6 ikisomwa kwa miligramu, huyo yuko mahututi. Sasa, maabara ikibadili kizio katikati ya safari, kamusi husahihishwa na majibu ya zamani hubaki yalivyo. Anayenakili majedwali na kamusi ya leo peke yake amepotosha miaka yote iliyotangulia, na hakuna kengele itakayolia. Nakili kamusi pamoja na historia ya mabadiliko yake.

Ile 1 ya mwisho, alama ya hali ya jibu, ni mtego mwingine. Mifumo mingi ya tiba haifuti kitu. Hukipa alama ya “kiliingizwa kimakosa” na programu hukificha. Ukitoa data bila kuheshimu alama hiyo, aleji ya penisilini iliyofutwa zamani inafufuka.

Tarehe nazo zina vituko. Mifumo iliyojengwa kwa MUMPS, lugha iliyozaliwa katika Massachusetts General Hospital miaka ya 1960, huhesabu siku kuanzia 31 Desemba 1840, mwaka uliochaguliwa ili hata mzee kuliko wote aliyekuwa hai wakati huo apate tarehe ya kuzaliwa isiyo hasi. Kwa hesabu hiyo 1 Januari 2000 ni 58074. Namba hiyohiyo ukiitia kwenye Excel na kuitaka iwe tarehe, mgonjwa atazaliwa 30 Desemba 2058.

Kubana gharama, basi, ni kutafsiri mara moja, mkalimani angali kwenye mkataba, na kutotafsiri kila kitu. Aleji, chanjo, dawa, orodha ya magonjwa na majibu ya maabara hutolewa kama data zinazotafutika. Maelezo ya madaktari na barua yanatosha kuwa PDF/A, aina ya PDF ya kutunzwa muda mrefu. Misimbo ya magonjwa ya ICD-9, toleo la zamani la orodha ya kimataifa, usiigeuze kuwa ya ICD-10, toleo lililofuata, kwani mingi haina mwenza mmoja. Iache na maneno yake. Kumbukumbu za nani alifungua faili la nani husahaulika hadi mwanasheria aziulize.

Hizo PDF ndogondogo zina hila yake. Kwenye Glacier Deep Archive, hifadhi ya bei nafuu ya Amazon kwa data zisizofunguliwa mara kwa mara, kila faili huongezewa KB 40 za maelezo, 8 kati yake kwa bei ya hifadhi ya kawaida, na ukifuta kabla ya siku 180 unalipia siku zilizobaki. Barua ya KB 10 inageuka mzigo, kwa hiyo zifunge pamoja, kwa mfano mgonjwa mmoja furushi moja. Kwa njia ya kawaida faili huchukua muda wa hadi masaa 12 kutoka huko, kwa hiyo aleji zisiwekwe huko.

Kuhakiki, kulinganisha idadi ya mistari hakutoshi. Chagua wagonjwa wenye matatizo: mapacha, waliounganishwa faili mbili, waliobadili jina, mwenye maelezo marefu kuliko wote. Daktari aangalie skrini mbili kwa pamoja.

Muda wa kutunza hutegemea sheria ya nchi, na kwa watoto mara nyingi huhesabiwa tangu wafikie utu uzima, hivyo tarehe ya kufuta hukokotolewa kwa kila mgonjwa, si kwa mfumo mzima. Mwisho, kabla ya kufuta seva, ikate kwenye mtandao kwa siku 30 na nakala rudufu ikiwa imesimbwa isisomeke bila ufunguo, usikilize simu. Mara nyingi anayepiga si daktari, ni mtu wa uhasibu mwenye ankara ya bima ambayo haijafungwa.