"Halivuji" siyo jibu

Mnunuzi mwingine kanipigia, nyumba iko Kigamboni: "Fundi, paa halina shida, dalali kasema halivuji." Mwezi wa nane Dar, hata ukiezeka kwa chujio halivuji!

Watu hawa hawa wamelipia upekuzi wa hati, wameweka wakili, wamemhoji mpaka balozi kuhusu mipaka. Paa wanalitazama wakiwa barabarani, wanaridhika kwamba bati linang'aa. Rangi ya bati hung'aa vizuri tu juu ya kutu.

Nikifika nauliza mlango wa kupandia darini. Nyumba nyingi za jipsamu hazina, basi tunaomba kutoboa. Muuzaji akigoma, mwambie bei ishuke kwanza. Juu nazima tochi nione mwanga unaopenya kwenye matundu ya misumari, kisha nachoma bisibisi kwenye kenchi, fremu ya mbao inayobeba paa, pale inapokalia ukuta. Ikizama kirahisi, mbao imekwisha. Unga chini ya vitundu ni fukusi, vinjia vya udongo ni mchwa.

Sasa doa la maji. Likiwa dari la sebuleni, kila mtu anapanda na silikoni juu ya sebule. Jamani, maji hayashuki wima! Yanaingia kwenye kofia, lile bati la kileleni, yanateleza chini ya bati, yanashika papi, mbao zinazopigiliwa bati, yanafuata kenchi, ndipo yanadondokea jipsamu, pengine chumba kingine kabisa. Doa ndilo linaloniongoza kurudi nyuma hadi chanzo. Ndiyo maana anayelipaka rangi wiki moja kabla ya kuuza ananiudhi kuliko anayeliacha. Na chumba kimoja kikiwa na dari jipya peke yake, nitaanzia hapo hapo. Wauzaji, zibeni chanzo, tunzeni risiti, doa liacheni.

Geji mnaijua: namba ndogo, bati nene. Haiokoi msumari uliopigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongoni, wala bati lililokatwa kwa grinda likaungua kingo. Paa za kuficha, zile ambazo ukuta umepanda kulificha bati, nazo zina mfereji nyuma ya ukuta. Majani ya mwembe yakiuziba, maji yanarudi ndani. Na bati likifukiwa kwenye plasta, saruji mbichi inakula tabaka la aluminiamu na zinki.

Mnapotaka niandike paa litadumu miaka mingapi, naandika, lakini ni makisio. Upepo wa chumvi hautendi sawa hata kwa nyumba mbili za mtaa mmoja. Mbao za kijani, zinazouzwa kuwa zimetiwa dawa, pia zinanitia shaka: rangi haisemi dawa imeingia kiasi gani, na nikikuta kati ya mkato pameachwa peupe, sina la kuahidi.

Kama mnaweza kusubiri masika, subirini. Kama hamwezi, mwagieni paa maji kwa mpira, ingawa mpira hauigi mvua ya upepo inayosukuma maji kwenye maungio, kwa hiyo paa likifaulu sitii sahihi ya dhamana. Mmoja akae darini na tochi. Wa juu aanzie chini karibu na mfereji, akae sehemu moja muda wa kutosha, ndipo apande kuelekea kofia. Wanaoanzia juu wanalowesha paa zima, halafu wananipigia niwaambie tundu liko wapi.