Bikoni za kando ya ziwa: kwa nini "fiksi" ya RTK peke yake haitoshi Mwanza

RTK ni upimaji wa setilaiti ambamo risiva iliyotulia (bezi) huirekebisha risiva inayohamishwa (rova). Rova ikiandika "fiksi", maana yake imeamua kuna mawimbi mangapi kamili kati ya antena na kila setilaiti. Haijathibitisha kwamba imeamua sawasawa. Wimbi la L1, masafa makuu ya GPS (megahezi 1575.42), lina urefu wa sentimita 19, kwa hiyo hesabu ikikosewa kwa wimbi moja tu, bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, inahama kwa kiasi ambacho jirani mwenye kiwanja atakuja kukidai. Na hapa kwetu yapo mambo mawili yanayoivuruga hesabu hiyo kuliko mengine yote: maji na anga ya jioni.

Maji kwanza. Mawimbi ya setilaiti yakigonga ziwa hurudi juu, na antena hupokea nakala iliyochelewa pamoja na ile halisi. Katika kipimo cha fezi (kinachohesabu mawimbi yenyewe) kosa hufika hadi robo ya wimbi, karibu sentimita 4.8, katika kipimo cha msimbo (ishara inayobebwa na wimbi) ni mita kadhaa. Setilaiti iliyo karibu na upeo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ziwa hurudisha sehemu kubwa ya nguvu yake bila kugeuza upande ambao wimbi huzungukia, na antena haina njia ya kulikataa. Asubuhi ziwa likiwa shwari tatizo huwa kubwa. Upepo ukianza kupiga, mawimbi ya maji hutawanya mwakisiko huo.

Wengi hukimbilia kilimani wakidhani wameyaacha maji chini. Antena iliyo mita 60 juu ya ziwa bado hupokea mwakisiko wa setilaiti iliyo nyuzi 10 juu ya upeo, unaotoka sehemu ya maji iliyo mita 340 mbele yake. Dawa ni kurudi nyuma ya ukingo wa kilima. Weka jicho kwenye kimo cha antena, geuka pande zote: ukiyaona maji, antena nayo inayaona, hamisha tripodi. Kwa majabali ya Capripoint au kuta na mabati ya Igogo, kaa umbali usiopungua mara nne ya kimo kinachoizidi antena. Hapo kizuizi kinabaki chini ya nyuzi 15, na hiyo ndiyo pembe ya chini kabisa ya kupokea setilaiti ninayoshauri uiweke kwenye risiva.

Sasa anga. Tabaka la ayonosfia, sehemu ya juu ya anga yenye elektroni huru, karibu na ikweta ni zito. Kila uniti moja ya elektroni zake (TECU) huchelewesha L1 kwa sentimita 16, na alasiri za miaka ambayo jua lina shughuli nyingi uniti hupita 100, yaani mita 16. Bezi na rova zikiwa karibu, kosa hilo hufutana kwa sehemu kubwa kwa kuwa zote mbili zinatazama anga ileile. Ndiyo maana nashikilia kilomita 5, hata kama kitabu cha risiva kinaahidi 30.

Baada ya jua kuzama hali hubadilika kabisa. Kuanzia kama saa 2 usiku hadi karibu saa 6, hasa Machi–Aprili na Septemba–Oktoba, mapovu ya plasma (sehemu za ayonosfia zilizopungukiwa elektroni) hupanda angani na kuyatikisa mawimbi. Nguvu ya setilaiti iliyokuwa desibeli-hezi 45 hushuka na kupanda ndani ya sekunde chache, na risiva hupoteza hesabu mara kwa mara. Kuacha risiva ikirekodi usiku kucha ukiamini kwamba data nyingi ni data nzuri ni kujidanganya. Anza saa 12 asubuhi, malizia kabla ya saa 8 mchana.

Utajuaje kosa limetoka wapi? Rekodi mahali palepale siku mbili mfululizo. Mpangilio wa setilaiti za GPS hurudi kila siku dakika 4 mapema, hivyo mwakisiko nao hujirudia kwa tofauti hiyohiyo. Mapovu hayafuati ratiba hiyo.

Washa mifumo yote ya setilaiti, GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou, pamoja na masafa ya L5 kama risiva inayo. Pima kila bikoni sekunde 180, zima rova na uiwashe upya, kisha urudie baada ya muda wa saa mbili ukiwa umeweka tripodi upya. Tofauti ikizidi sentimita 2 kwa ulalo au 4 kwa kimo, usichukue wastani, tafuta chanzo.

Halafu kuna makosa ambayo anga haihusiki nayo. Ramani za zamani zimo katika Arc 1960, mfumo wa zamani wa koordineti, na kuchanganya koordineti zake na za WGS84, mfumo wa GPS, huhamisha kiwanja karibu mita 300 kuelekea kaskazini au kusini. Na ukilinganisha tepu na koordineti za UTM (gridi ya ramani kwa mita) kanda ya 36 kusini, kumbuka Mwanza iko karibu kabisa na mstari wa kati wa nyuzi 33: kipimo cha gridi cha 0.9996, pamoja na mwinuko wa ziwa wa takriban mita 1,134, hufanya kilomita moja ya ardhini isomeke pungufu kwa karibu sentimita 58. Kwa upande wa kiwanja wa mita 30 hiyo ni sentimita 1.7, lakini kwa barabara au bomba refu ni mita nzima kabla hujafika kilomita 2.