Si kimeo, ni moshi: maswali ya mama zetu kuhusu kikohozi cha watoto

Natibu kwenye zahanati, upande wa Tandahimba, mkoani Mtwara. Maswali haya nayasikia mwaka mzima, na zaidi mvua zinapoanza na mafiga kuingizwa ndani.

Nimonia ni nini?
Maambukizi ya mapafu. Vifuko vya hewa vinajaa majimaji na usaha, mtoto anakosa pumzi.

Mnasema moshi wa kuni unachangia nimonia. Bibi zetu walipikia kuni, mbona tumekua?
Mmekua nyinyi mliopo hapa kuuliza. Waliozikwa hawaji zahanati.
Moshi wa kuni na mkaa una chembe ndogo kuliko upana wa unywele. Zinapita puani, zinatua ndani kabisa ya mapafu na kudhoofisha kinga yake. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majumbani unakaribia kuzidisha mara mbili hatari ya mtoto kupata nimonia, na kwamba mwaka 2020 uliua watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Leo ukipika, inua macho uone masizi yanavyoning'inia kwenye makuti. Halafu kumbuka mtoto yuko wapi: mgongoni kwako, wewe umeinama unapuliza moto.

Mwanangu anakohoa wiki ya tatu. Bibi yake anasema ni kimeo, kikatwe.
Hapana. Kimeo ni kile kinyama cha kooni, kila mtu anacho, hata mimi. Kukikata hakutibu kikohozi. Kunaleta kutokwa damu, maambukizi, hata pepopunda, na mtoto anashindwa kunyonya kwa maumivu. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kinaletwa kwetu, tuangalie na kifua kikuu.

Wa jirani alikatwa, akapona.
Kikohozi cha mafua huisha chenyewe. Angekatwa kucha angepona vilevile.
Nimepokea mtoto wa miezi saba, chale mbichi kifuani, tundu za pua zinachezacheza kutafuta hewa. Alianza kuhema Jumatatu. Jumatano alipelekwa kwa mkata kimeo. Kwetu kafika Ijumaa, akiwa wa kupewa rufaa haraka akawekewe oksijeni. Siku nne! Dawa ya Jumatatu ilikuwa vidonge vya kuyeyusha kwenye kijiko.

Nitajuaje kama si mafua tu?
Mvue nguo akiwa ametulia, shika simu, hesabu pumzi dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Ukifika hapo, mlete siku hiyo hiyo. Si kesho, si baada ya mnada wa korosho, si baba akirudi.
Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au midomo ikiwa ya bluu, ni saa hiyo hiyo, hata usiku.

Nimpe dawa iliyobaki ya kaka yake?
Usimpe. Dozi inafuata uzito. Na matibabu ya mtoto wa chini ya miaka 5 ni bure, kwa nini ubahatishe?

Tunaweka jiko la mkaa chumbani, mzazi na kichanga wapate joto.
Litoeni leo. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, mnalala hamwamki. Kichanga mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, mfunike na khanga.

Gesi hatuimudu.
Najua, na inauma: gesi inatoka Mnazi Bay hapa hapa kwetu, sisi tunabeba kuni. Basi pikia nje kila inapowezekana, kuni ziwe kavu, mtoto abaki na dada yake mbali na moshi. Moto usiwashwe kwa mifuko ya plastiki wala maganda ya korosho. Mafuta ya ganda yanababua mikono ya wabanguaji, sasa moshi wake ndani ya kifua cha mtoto? Na chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 asikose hata moja. Humo mna kinga ya nimonia.

Usiku tunaogopa kukuamsha.
Nyumba yangu iko nyuma ya zahanati, mlango wa bati. Gongeni kwa nguvu.