Diski Ikijaa Yenyewe, Usikimbilie Kusema Virusi

Laptopu mpya ya Windows, mwenyewe hajaweka kitu, diski inajaa. Akiuliza, anajibiwa palepale: "Hiyo virusi, fomati." Nimechoka kulisikia jibu hili. Virusi vya siku hizi vinatafuta nywila na pesa, na aliyeviandika anataka usimgundue. Kukujazia diski ni kukugutusha bure. Sisemi haiwezekani, nasema hapo si pa kuanzia, na watu wanafuta kazi zao kwa sababu hiyo.

La kwanza nalipita haraka. Diski iliyoandikwa GB 256 Windows huionyesha kama 238. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti kwa baiti bilioni moja, Windows inagawa kwa 1,073,741,824. Hakuna kilichopotea.

Linaloniudhi ni hili: mtu anafungua diski C, anachagua folda zote, anasoma jumla. GB 90. Diski yenyewe inasema zimetumika 150. Basi anahitimisha kwamba kuna kitu kinazila hizo 60 kisirisiri. Ndugu yangu, umejumlisha unavyoviona na unavyoruhusiwa kuvisoma tu. Folda ya System Volume Information imefichwa, na hata akaunti ya msimamizi (administrator) kwa kawaida hairuhusiwi kuifungua. Ukiiulizia ukubwa wake inajibu sifuri. Humo ndimo zinamokaa nakala za kurejesha mfumo. Andika `vssadmin list shadowstorage` kwenye Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) uliyoifungua kama msimamizi, utaona zimechukua kiasi gani na ukomo wake ni upi. Halafu kuna hiberfil.sys, faili ambamo Windows huhifadhi yaliyomo kwenye RAM ili mashine izimike bila kupoteza kazi, ambalo kwa kawaida ni asilimia 40 ya RAM: mwenye RAM ya GB 16 ana faili la GB 6 na ushei asilolijua. Na pagefile.sys, linaloisaidia RAM inapozidiwa, linapanuka na kusinyaa kadiri mashine inavyoelemewa, ndiyo maana nafasi ya asubuhi hailingani na ya jioni.

Kosa linakwenda upande wa pili pia. Mtu anaikuta WinSxS, folda ya vipande vya Windows yenyewe, inasoma GB nyingi, anataka kuifuta. Usiiguse kwa mkono! Mafaili mengi ya humo ndiyo yale yale yaliyo System32, faili moja lenye majina mawili, na File Explorer inalihesabu kila inapokutana na jina lake. Kwenye Command Prompt ile ile endesha `DISM /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore`; itakupa ukubwa unaodaiwa na File Explorer, na chini yake ukubwa halisi. Soma huo wa pili.

Mbona basi inajaa wiki za mwanzo? Kwa sababu laptopu imekaa ghalani muda mrefu, na ikipata intaneti inavuta masasisho yote yaliyoipita. Sasisho kubwa huacha folda ya Windows.old, ambayo kwa kawaida hujifuta baada ya siku 10. Ukiwa na haraka, nenda Settings, System, Storage, Temporary files. Soma orodha kabla ya kubonyeza: folda yako ya Downloads nayo imo, na ukiiwekea tiki umezifuta nyaraka zako mwenyewe.

Kuhusu hiberfil.sys sina ushauri mmoja. `powercfg /h off` inaliondoa papo hapo, lakini mashine haitawaka upesi kama zamani, na betri ikikata imelala, kazi ambayo hukuisevu imekwenda. Kwenye diski ya GB 128 naliondoa kwa shingo upande. Kwenye ya 512 naliacha. Tena ukijumlisha yote haya, hesabu hazifungi sawasawa: pengo likibaki GB mbili tatu mimi nasonga mbele.

Kinachonishtua ni faili moja linalokua kila saa. Hata hapo, mara nyingi ni logi, yaani mafaili ambamo mfumo unaandika kila unachofanya. Kwenye Windows 7, faili la CBS.log, logi ya masasisho, likivuka GB 2 lilishindwa kubanwa, na kila jaribio liliacha faili jipya linaloanza na cab_ ndani ya Windows\Temp, mpaka diski ikajaa. Virusi havikuwepo.

Kwa hiyo fungua WizTree, programu inayoonyesha ukubwa wa kila faili na folda, kama msimamizi, panga kwa ukubwa, subiri saa kadhaa, pima tena. Ukija kuniuliza, njoo na jina la faili lililokua na folda lilimo. Picha ya mstari mwekundu wa diski hainiambii chochote.