Mvinyo mweupe wa udongo wa volkano: yanayosemwa Moshi, na yaliyo kweli

"Waini hii ina ladha ya volkano." Kauli hiyo husikika sana inapofunguliwa chupa ya Soave, mvinyo mweupe wa Italia, hapa mjini Moshi, nayo ndiyo inayopotosha kuliko zote. Mzabibu haunyonyi jiwe. Mizizi huchukua maji na madini yaliyoyeyuka, tena kidogo mno kuonjeka kwenye glasi. Sisi tunaolima juu ya majivu ya Kilimanjaro tuna ushahidi shambani: kahawa ya Kibosho haina ladha ya majivu, wala ndizi za Marangu. Kazi ya udongo ni kuamua maji yatakaa muda gani, mizizi itashuka hadi wapi, na ardhi itatunza joto kiasi gani.

Chukua familia ya Pieropan, inayotengeneza mvinyo huo katika mji wa Soave, karibu na Verona, Italia, tangu 1880. Shamba lao la Calvarino ni la udongo wa volkano. La Rocca ni chokaa na mfinyanzi. Mvinyo wa Calvarino una uchachu unaochangamsha ulimi, wa La Rocca ni mzito na laini zaidi, na watu huishia hapo hapo: ni udongo! Lakini Calvarino ni mchanganyiko wa zabibu za Garganega na Trebbiano di Soave, na mvinyo wake haugusi mbao. La Rocca ni Garganega tupu, huvunwa kwa kuchelewa, kisha hulazwa kwenye mapipa ya mwaloni. Ukiupa udongo sifa zote, umemdhulumu mkulima.

"Volkano ni rutuba, basi zabibu zingestawi sana Machame." Kwa zabibu za mvinyo, rutuba nyingi ni tatizo: mzabibu hukimbilia majani. Kule Santorini, Ugiriki, mizabibu ya Assyrtiko huota kwenye majivu yasiyo na mboji, mvua ni haba, na wakulima husokota matawi yawe kikapu kilicholala chini, zabibu zikijificha ndani upepo usizipige. Mavuno ni machache, mvinyo wake una nguvu. Vihamba vyetu, mashamba ya kuzunguka nyumba, vina samadi, kivuli cha migomba na masika ya kutosha. Kahawa inashukuru, lakini zabibu zingeliwa na ukungu. Ndiyo maana zabibu za Tanzania ziko Dodoma kwenye ukame, na udongo wa huko si wa volkano.

"Nyeupe ni tamu, ya akina mama." Hapana. Soave nyingi ni kavu, yaani si tamu. Tamu ipo, Recioto, ya zabibu zilizoanikwa kwa miezi kabla ya kukamuliwa.

"Isiponywewa mwaka huohuo imeharibika." Za bei nafuu, sawa, zinywe mapema. Assyrtiko nzuri, au Carricante, mvinyo mweupe wa mlima wa volkano wa Etna, Italia, hukaa hata miaka 10 kwa sababu ya uchachu wake, mradi ilazwe penye giza na ubaridi. Kwa hiyo dukani iache chupa iliyosimama dirishani ikipigwa jua, uombe ya ndani.