Tundu kwenye koti la Joseph

Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri vitabu vya picha vya watoto wadogo, na wenzangu wanaoanza kazi hii huwa nawaanzishia kitabu kimoja: Joseph Had a Little Overcoat cha Simms Taback. Kilitoka kwanza 1977, akakichora upya 1999, na toleo hilo la pili ndilo lililopata medali ya Caldecott ya mwaka 2000, tuzo kubwa ya Marekani kwa michoro ya vitabu vya watoto.

Hadithi imetoka kwenye wimbo wa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki iliyokulia ndani ya Kijerumani na kuandikwa kwa herufi za Kiebrania. Joseph ana koti. Koti likachakaa, akalikata akapata jaketi. Jaketi likawa kizibao, kizibao kikawa skafu, skafu ikawa tai, tai ikawa leso, leso ikabaki kifungo kimoja tu. Kifungo nacho kikapotea. Joseph akakaa chini akaandika kitabu cha mkasa wote.

Msimuliaji wa mdomo hunyamaza kidogo kabla ya kutaja vazi linalofuata, watoto wakawa wanakisia na kubishana. Kitabu kitanyamazaje? Taback alikata matundu kwenye kurasa. Mtoto anachungulia, anaona rangi ya kitambaa kilichoko upande wa pili, lakini hajui bado ni nini. Ukifunua, vazi jipya hilo hapo. Ndiyo maana nawasihi walimu wasikimbize ukurasa: ushike nusu, subiri vidole vidogo viingie tunduni, acha wabishane. Ukimya wa msimuliaji umo humo.

Ukutani mwa nyumba za Joseph kumejaa picha za watu, na magazeti yamezagaa. Mamilioni ya waliozungumza Kiyidi waliuawa na Wanazi, na mimi kila nikizitazama sura zile nahisi mchoraji anawarudisha nyumbani. Mtoto wa miaka minne hahitaji kuelezwa hayo. Zimo, atazikuta akikua.

Mwaka 1992 Phoebe Gilman wa Kanada naye alikuwa ameisimulia hadithi hiyohiyo katika Something from Nothing. Kwake, babu mshonaji anamshonea mjukuu blanketi, nalo linapungua vivyo hivyo. Ila chini ya mbao za sakafu inaishi familia ya panya wanaookota kila kipande kinachodondoka kwenye mkasi wa babu, wanajishonea nguo na mapazia. Maneno hayawataji panya hata mara moja. Mtu mzima macho yako kwenye maandishi. Mtoto, ambaye hajui kusoma, ndiye anayewaona wa kwanza. Kwangu huo ndio ufundi mkubwa kuliko wote katika vitabu hivi viwili.

Nilipoanza kukisoma cha Taback kwa Kiswahili nilikuta lugha yetu ina zawadi yake. Kiitikio kinabadilika chenyewe: koti limechakaa, kizibao kimechakaa, skafu imechakaa. Nikitamka tu "ki-" watoto wanajua vazi limegeuka, wanadakia kabla sijamaliza.

Kilichonitesa ni leso. Kwa mtoto wa Dar es Salaam, leso ni kitambaa kidogo cha kufutia kamasi. Mombasa, leso ni ile anayojifunga mama kiunoni na kubebea mtoto mgongoni. Nilikuwa nasomea watoto wa chekechea huko, nikafika kwenye tai, nikatangaza kwa furaha kwamba imekatwa ikawa leso. Kimya. Kisha binti mmoja wa safu ya mbele akauliza, "Mwalimu, leso itatoka wapi kwa tai ndogo vile?"

Alikuwa na haki kabisa. Hadithi nzima inasimama juu ya kitambaa kupungua, nami kwa neno moja nilikuwa nimekiongeza. Nilitoa kalamu palepale, mbele yao, nikakata "leso" nikaandika "hanchifu", kisha tukarudi kwenye koti tukaanza upya.