Malighafi yako ni bidhaa ya mwenzako

Jamaa yangu mmoja wa Goma, Kongo (DRC), kanitumia voisi ndefu WhatsApp, anauliza nchi yao si imeshaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, sasa kiwanda chao cha rangi kitakuja kulipa ushuru kiasi gani kwenye malighafi wanazoagiza nje. Nikamwambia kaka, hilo swali watu wamelikalia vikao Arusha miaka na miaka. Mimi nilianza kama wakala wa kutoa mizigo bandarini hapa Dar, siku hizi naviandikia viwanda hoja za ushuru, ngoja nieleze kwa kirefu kidogo.

Ukishaingia umoja wa forodha, ushuru wa mzigo unaotoka nje ya umoja hujipangii tena mwenyewe, mnatoza mmoja wote. Wetu wa Jumuiya ulianza Januari 2005 na nchi 3, Kenya, Uganda na Tanzania, asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, 10 kwa bidhaa za kati (zilizokamilika nusu), 25 kwa bidhaa iliyokamilika, halafu kuna orodha ya bidhaa nyeti kama mchele na sukari zinazopanda juu ya hapo. 2022 ikaongezwa ngazi ya asilimia 35. Ukisoma hivyo unasema aah, malighafi si 0, tatizo nini? Tatizo ni nani kasema hiyo ni malighafi.

Chukua bati la kuezekea. Kuna mwenye kiwanda anaagiza koili ya chuma, yaani bamba jembamba lililoviringishwa, anaipaka zinki mwenyewe. Kuna mwingine anaagiza koili ambayo tayari imeshapakwa, yeye anaikunja migongo tu na kukata. Kwa huyu wa pili koili iliyopakwa ni malighafi kabisa, kwa yule wa kwanza ni bidhaa yake, anataka ilindwe kwa nguvu zote. Wote wawili wanaenda kwa waziri, wote wanataja ajira, na wote wanasema kweli!

Piga hesabu. Tuseme bati likifika kutoka nje ni 100, koili ndani yake ni 80, yaani kazi yako ina thamani ya 20. Bati likitozwa 25 na koili 0, unaweza kuuza mpaka 125 na kazi yako ikabakiwa na 45. Koili ikitozwa 10, unailipia 88, unabaki na 37. Koili nayo ikitozwa 25 umebaki na 25 tu. Ndo maana kwenye majadiliano watu wanagombania ushuru wa malighafi kuliko hata wa bidhaa yenyewe.

Uganda ndo mfano mzuri wa anayeingia. Kabla ya 2005 ngazi zao zilikuwa 0, 7 na 15, kwa hiyo kwao umoja ulikuja kupandisha ushuru. Wakajadiliana wakapata orodha yao ya malighafi za kupewa nafuu ya ushuru, zaidi ya bidhaa 100, kwa miaka 5. Wajanja. Ila miaka 5 ikaisha na viwanda bado vinazihitaji, wakarudi mezani kuomba waongezewe.

Siku hizi nafuu nyingi ni zile tunazosikia bungeni Juni, "asilimia 0 badala ya 10 kwa kipindi cha mwaka mmoja". Na zina mwiba. Ukitengenezea bidhaa kwa malighafi ya nafuu halafu ukaiuza nchi jirani ndani ya umoja, jirani ana haki ya kukutoza ushuru kama umetoka nje. Wakenya wa pipi na chokoleti wanajua, Tanzania iliwatoza 25 kwa hoja kwamba sukari yao ya viwandani iliingia kwa unafuu.

Sasa kosa langu mwenyewe. Kiwanda kimoja cha rangi kiliniambia wanaagiza titaniamu dayoksaidi, ile poda inayoifanya rangi iwe nyeupe, nikaandika hoja nzuri kweli nikaweka namba ya HS, ile ya kimataifa ya kutambulisha bidhaa forodhani, inayoanza na 2823. Nafuu ikatoka. Mzigo ukafika bandarini, ofisa akaangalia karatasi za maabara, chembe za poda zilishapakwa kemikali juu kwa ajili ya rangi, hiyo ni pigimenti, yaani poda ya kutia rangi, namba yake inaanza na 3206. Nafuu ilikuwa ya namba isiyowahusu, na gazeti rasmi la Jumuiya, linalotangaza nafuu hizo, halirekebishwi kwa simu, wakalipa ushuru mwaka mzima. Tangu siku hiyo siandiki hata mstari kabla sijaona cheti cha maabara, tarakimu zote 8 za namba ya bidhaa, na jina la kila kiwanda ndani ya umoja kinachotengeneza kitu hichohicho, maana kikiwepo hata kimoja ndo kitakachokuja kukupinga.

Nikamwambia jamaa wa Goma anitumie orodha yao. Imefika jana. Mstari wa kwanza: "unga mweupe, magunia 400." Nimemrudishia.